Mkono Unaokanda Ujizuie Nini?

Swali langu ni dogo, ila limenikaa kichwani miaka: mtu anayeishi kwa kushika miili ya wenzake, anatakiwa ajizuie nini? Siulizi afanye nini. Cha kufanya kinafundishika. Kaa na mchuaji mzuri miezi mitatu, utajua mafuta ya nazi yapashwe kiasi gani, utajua kwamba bega likiuma huanzii begani, na kwamba kidole gumba ni cha kutafutia tu, nguvu inatoka kwenye uzito wa mwili wako mwenyewe. Kujizuia ndiko kugumu, na wengi wetu kwenye kazi hii hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha.

Nasema "wetu" kwa sababu mimi ni mkandaji. Hapa Mbau babu yangu alikuwa mchuaji. Walimjia vijana waliotegua miguu mpirani, wavuvi waliokazwa mabega na kamba, wakulima waliotoka bondeni na viuno vimekufa. Mikono yangu ni yake. Halafu kabla vita haijafika nilikuwa nimeshakwenda Pemba kutafuta maisha, nikawa nakanda wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni, na huko ndiko nilikosikia habari ya yoga, kwa mwalimu aliyekuwa akiwafundisha wageni hao asubuhi mchangani. (Ukilitaja neno hilo nyumbani kwetu watu wanasikia uyoga. Shangazi yangu aliniuliza, huo unapikwa kwa tui au mkavu?)

Tumezoea kuiona yoga pichani: mtu mwembamba amekunja miguu, amefumba macho, nyuma yake bahari. Kumbe kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote katika mambo hayo, Yoga Sutra ya Patanjali, kina vifungu vifupi kama 195, na vinavyozungumzia mkao wa mwili ni vitatu tu. Vitatu! Tena kinasema tu kwamba mkao uwe imara na uwe wa raha. Kazi yenyewe iko kwingine. Patanjali anaweka hatua nane, na ya kwanza, kabla hujakaa, kabla hujavuta pumzi hata moja, ni mambo matano ya kujizuia: kutodhuru, yaani ahimsa, kusema kweli, satya, kutoiba, asteya, kuyatawala matamanio, brahmacharya, na kutolimbikiza, aparigraha. Hatua ya pili ndiyo ya mambo ya kutenda: usafi, kuridhika, tapas, kujisoma nafsi, na kujikabidhi kwa Mungu. Mkao ni hatua ya tatu. Pumzi ni ya nne.

Najua wapo watakaoniuliza, na mwalimu wetu wa madrasa alishaniuliza: haya si ya Mabaniani? Ndiyo, yalitoka Bara Hindi. Na suala hilo limewashughulisha wakubwa kuliko mimi. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilisema Waislamu waepuke yoga. Indonesia mwaka 2009 wakasema kinachokatazwa ni ile yenye nyimbo na ibada za Kihindu. Saudia mwaka 2017 wakairuhusu kama michezo mingine. Mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni kwamba karne ya 11 Muislamu mmoja, al-Biruni, alijifunza lugha ya wenyewe huko India, akakigeuza kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, na hakutoka katika dini yake. Mimi nyimbo zao siimbi na miungu yao siiombi. Nimechukua maswali yao matano, kama vile babu zetu walivyochukua kwao bizari na vitambaa, wakabaki walivyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wakati ule hotelini, mwalimu yule alipenda sana kulisifu neno moja la hatua ya pili, tapas. Maana yake ya asili ni joto: ile bidii inayouunguza mwili, kuamka alfajiri, kustahimili njaa na baridi, kuuvunja uvivu. Wageni walilipenda pia. Nidhamu, nidhamu, nidhamu. Na mimi nililipenda, maana mkandaji bila joto si mkandaji. Mkono baridi unaufunga mwili.

Halafu yakatokea yaliyotokea. Tarehe 5 Oktoba 2017 yalianzia Mocímboa. Agosti 2020 mji ukachukuliwa, na watu wetu wakatawanyika: wengine porini, wengine Mueda, wengine majahazini wakashuka Paquitequete ufukweni wakiwa hawana hata kapulana ya pili. Mbau yetu ikawa ngome yao hadi Agosti 2021 walipofika wanajeshi wa Rwanda na wa kwetu. Waliotufanyia haya, tunaowaita mashababi, sote tunajua kwamba si wote walitoka mbali. Wapo tuliosoma nao. Na kitu kimoja ambacho watu hawapendi kukisema nitakisema: vijana wale walikuwa na nidhamu. Walilala chini. Walikaa na njaa. Walisali kwa wakati, waliacha sigara, walitii amri. Kama nidhamu ni kuutawala mwili wako, wao waliutawala mwili kuliko mimi ninayeshindwa kuacha chai ya sukari.

Basi nidhamu pekee yake inathibitisha nini? Haithibitishi kitu. Ni joto tu. Moto huohuo unapika wali na unachoma nyumba.

Hapo ndipo ule mpangilio wa Patanjali ukaanza kunisemesha. Nilikuwa nimedhani ni orodha tu, kama orodha ya sokoni. Lakini tapas haikuwekwa mwanzo. Imewekwa hatua ya pili, nyuma ya makatazo yote matano, na katika hayo matano la kwanza kabisa ni kutodhuru. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, anasema wazi kwamba mengine yote yana mzizi wake hapo. Kwa maneno mengine: usijitie joto kabla hujajifunza kutodhuru, maana utakuwa umemnoa mtu panga bila kumwuliza anakwenda nalo wapi. Na sisi kwenye dini yetu tunalo neno, jihadi ya nafsi, mtu kupigana na ubaya ulio ndani yake. Neno zuri ambalo limeibwa, siku hizi ukilitamka mbele ya askari unajitafutia matatizo. Walioliiba walifuta sehemu moja tu, ile ya "nafsi", wakabaki na vita.

Turudi kwenye mkeka wa kukandia, maana falsafa isiyofika mkekani haina faida kwangu.

Kutodhuru si kubembeleza. Mguu uliotegulika ukiushika kwa huruma nyingi haurudi. Kuna maumivu ambayo ni ya kazi, hata babu yangu alikuwa akimpa mtu kitambaa cha kuuma. Sasa utajuaje umevuka mpaka? Usimwulize mdomoni tu, kwa sababu watu wa kwetu, hasa wanaume, ukiwauliza "inauma?" watakwambia "endelea". Sikiliza pumzi. Mtu akizuia pumzi, mkono wako umeshakwenda mbali kuliko mwili wake unavyokubali. Rudi nyuma, ngoja, atoe pumzi, ndipo uingie naye. Hili la pumzi wenye yoga wamelijua muda mrefu. Babu naye alilijua ingawa hakuwa na jina lake. Alikuwa akisema "mwache apumue, ndipo umfuate".

Na tangu vita kuna jingine. Miili tunayoishika sasa si ile ya zamani. Kuna mtu ukimgusa kisogoni anaruka. Kuna asiyeweza kulala kifudifudi, kwa sababu alishalazwa kifudifudi na watu wenye silaha. Kuna anayetaka mlango wazi auone. Zamani mtu akilala mkekani ulianza kazi, kulala kwake ndiyo ruhusa. Siku hizi naomba ruhusa kila ninapohama: sasa naingia mgongoni, sasa nashika shingo, niendelee au niache? Wengine wananicheka, ati mkandaji anapiga hodi. Napiga hodi, ndiyo. Nyumba ile ilishavunjwa mlango mara moja.

Kutodhuru pia ni kujua usichotakiwa kukigusa. Ndama ya mguu imevimba upande mmoja, ina joto, inauma: usiisugue, huenda damu imeganda ndani, na ukiisukuma ikafika mapafuni umeua mtu. Mfupa uliovunjika si wako. Tumbo la mjamzito si la kubonyeza ili kumgeuza mtoto, wapeleke kwa mkunga wa ospitali. Hapa kutodhuru kunashikana na kusema kweli. Maana mteja amekuja na pesa yake mkononi, ametembea, na hospitali iko mbali, na yeye anataka usikie "nitakuponya". Ni rahisi sana kusema hivyo. Kila mtu sokoni anasema hivyo. Kuna wanaouza chupa moja ya kutibu kiuno, sukari na mapepo. Mkandaji mkweli anasema: hii najua, hii sijui, hii nenda ospitali leo, sio kesho. Anapoteza pesa. Ndiyo gharama yake.

Lakini kweli si nyepesi hivyo siku zote. Nitatoa mfano, nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane. Mzee mmoja alikuwa akija kwangu kukandwa mgongo. Watu wakilala mkekani, mkono ukianza kushuka polepole, ulimi unafunguka. Siku moja akaniambia, uso wake ukiwa chini, kwamba mtoto wake yuko porini na wale. Alipata salamu. Salamu yenyewe ilikuwa neno moja: yu hai.

Nikafanye nini na neno lile? Mtu wa satya atasema: ukweli ni ukweli, kaseme panapohusika. Mtu wa asteya, kutoiba, atasema: neno lile si lako, alilidondosha mkekani kwako kama mtu anavyosahau pochi, na mwenye haki anamrudishia mwenyewe. Nani sahihi?

Wahindi wenyewe wanacho kisa, kimo katika Mahabharata. Alikuwepo mtu mmoja mcha Mungu, Kaushika, aliyeapa kutosema uongo maisha yake yote. Siku moja watu wakapita mbio mbele yake wakajificha msituni, wanafukuzwa na majambazi. Majambazi wakafika, wakamwuliza: wamepita wapi? Yeye, mtu wa kweli, akawaonyesha. Wakawafuata, wakawaua. Kisa kinasema Kaushika alipokufa hakwenda peponi. Kweli yake ilimpeleka motoni.

Msomaji wa Cabo Delgado hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Sisi ndio tuliokuwa msituni.

Vyasa naye anakazia hapo hapo: maneno yametolewa kwa faida ya viumbe, na yakiishia kuwaangamiza hayahesabiki kuwa kweli hata kama yalikuwa sahihi. Nakubaliana naye, lakini naona hatari. Kanuni kama hiyo ukimpa mwoga, ataificha kila kitu chini yake. Kwa hiyo nikajiwekea mpaka, na naueleza ili wakandaji wenzangu wanibishie. Kama mzee angeniambia mtoto ametuma habari kwamba wanakuja kijiji fulani siku fulani, ningesimama hapohapo na mafuta mikononi nikaenda kusema, hata kama angenilaani. Roho za watu zinatangulia siri ya mtu mmoja. Lakini "yu hai"? Neno hilo halimwokoi mtu yeyote nikilipeleka, na linaweza kumwangamiza baba ambaye kosa lake ni kuwa baba. Nililiacha mkekani. Na sikumwambia "pole" ya kujifanya, wala sikumwuliza swali la pili. Hilo la swali la pili ni muhimu. Udadisi nao ni wizi. Tumewaona wengi waliokuja kwenye makambi na daftari, wanauliza mama amelia wapi na saa ngapi, wanaondoka na machozi yake, yeye anabaki na kadi ya namba. Mimi nikiuliza "enhe, halafu?" nina tofauti gani nao, isipokuwa mimi sina daftari?

Brahmacharya sitaisemea sana, kwa sababu kwetu pwani mila imeshaifanyia nusu ya kazi: wanawake wanakandwa na wanawake, wanaume na wanaume, na mke wangu ana wateja wengi kunizidi. Hotelini ilikuwa tofauti. Kuna wageni waliodhani masaji ni mlango wa jambo jingine, na kuna wafanyakazi waliofurahi kudhaniwa hivyo kwa sababu ya bakshishi. Nitasema hili tu. Mwili wa mtu aliyelala ni mwili usio na silaha, na sisi tumeona watu wasio na silaha walifanywa nini. Si mashababi peke yao. Sote tulisikia, makambini, kuhusu wanawake walioombwa mwili ili majina yao yaingie kwenye orodha ya chakula. Aliyeomba hakushika panga. Alishika kalamu. Mkono wowote unaopata nguvu juu ya mwili wa mwingine, uwe wa kalamu, wa panga au wa mafuta, swali lake ni hilohilo.

La tano, kutolimbikiza, hapo nabishana na Patanjali. Samahani. Mtu umekimbia na sufuria moja, miaka mitatu unaitwa deslocado, umerudi nyumba haina paa, halafu mtu akwambie usilimbikize? Nilimbikize nini, majivu? Naona maneno hayo yaliandikwa kwa mtu mwenye ghala. Yapo pia kwenye midomo ya watu wanaotaka mkandaji asilipwe: "wewe una kipaji cha Mungu, unatutoza vipi ndugu zako?" Mimi natoza. Asiye na metikali analeta mihogo, asiye na mihogo anakuja kunisaidia kuezeka. Lakini kitu analeta. Kumkanda mtu bure kila siku ni kumfanya mdaiwa wako, na tumechoka kuwa wadaiwa, tulikuwa wadaiwa wa kila gunia lenye nembo. Kama aparigraha ina maana kwetu, basi labda ni hii: usilimbikize watu. Usimfanye mgonjwa akuhitaji. Mfundishe mke wake kumchua, mwonyeshe mwenyewe kunyoosha kiuno asubuhi kabla ya jembe, aje kwako mara mbili badala ya mara kumi. Kwa mfuko wangu ni hasara, ndiyo maana naliita kujizuia.

Limebaki moja, nalo sijalimaliza, kwa hiyo nalileta kwenu lilivyo.

Kuna kijana amerudi kutoka porini. Si mtoto wa yule mzee, ni mwingine. Anasema alichukuliwa kwa nguvu akiwa mdogo, akibebeshwa mizigo. Huenda ni kweli. Wengi walichukuliwa hivyo. Huenda si kweli yote. Ana bega ambalo halinyanyuki. Mama yake amekuja kwangu mara mbili kuuliza kama nitamshika.

Nilimpelekea suala hili bibi mmoja hapa jirani, mkandaji wa miaka mingi, aliyewakanda karibu wazazi wote wa kijiji hiki baada ya kujifungua. Akanijibu bila kufikiri: "Mwanangu, mimi simgusi." Nikamwambia habari ya ahimsa, kwamba kutodhuru hakuchagui mwili, kwamba bega ni bega. Akaniangalia, akasema: "Kumdhuru simdhuru. Nimesema simgusi. Mkono wangu ukimfika utamdhuru wenyewe, ndiyo maana nauzuia."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimekwenda na vitabu, na yeye alikuwa amelijibu swali langu la mwanzo kwa sentensi mbili. Kama kujizuia ni kuujua mkono wako mwenyewe, basi bibi yule anaujua wake kuliko ninavyoujua wangu, na hakuna sutra itakayomlazimisha. Alizika wawili. Najua ni akina nani.

Hata hivyo lake si langu. Wa kwangu mkono nimeupima siku kadhaa sasa, na naona utaweza, kama sitaharakisha na kama sitamwuliza chochote. Nimemwambia mama yake amlete Alhamisi baada ya alasiri, na mjomba wake aje naye akae pale mlangoni, mlango ukiwa wazi.